Mbio za mashua za klabu: jinsi ya kushindana kwa haki, kutoka ufukweni hadi meza ya pingamizi

Katika mbio za mashua ndogo za tanga hakuna refa anayekimbia na filimbi. Boti ya kamati imetia nanga penye mstari wa kuanzia, boti ya uokoaji inawaangalia waliopinduka, na huko mbali penye boya la juu mashua tano zinafika kwa mkupuo. Kilichotokea hapo wanakijua waliomo tu. Kitabu cha sheria cha World Sailing, ambacho hurekebishwa kila baada ya miaka 4 na toleo lake la sasa ni la 2025–2028, kimejengwa juu ya hali hiyo: mshindani ndiye anayezifuata sheria na ndiye anayezisimamia. Akijua amekosea, anajiadhibu palepale au anatoka mbioni.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kushindana klabuni, awe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwa mashua za aina ya Optimist, Laser (siku hizi huitwa ILCA) na nyingine za ukubwa huo. Maneno mawili ya pwani yatatumika sana: joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya nchi kavu

Fika angalau saa moja na nusu kabla ya ishara ya kwanza. Soma ubao wa matangazo kwanza, ndipo ufunge tanga. Maelekezo ya mbio hubandikwa hapo, na yanaweza kubadilisha mambo mengi: mzunguko wa maboya, adhabu, muda wa kupeleka pingamizi. Anayesema "sikujua" huku karatasi ilikuwa ukutani hana hoja.

Kisha kagua chombo chako kwa mpangilio huu:

1. Kizibo cha tezi (sehemu ya nyuma ya mashua) kimekazwa. Mashua ikiingiza maji huwa nzito na huchelewa kuinuka ikipinduka, na mwenye kusahau kizibo huishia kuikalisha boti ya uokoaji kwa ajili yake peke yake.
2. Usukani umeingia hadi kifungio chake kikashika, ili usichomoke mashua ikilala kichwa chini.
3. Ubao wa katikati umefungwa kwa kamba yake.
4. Jaketi okozi limefungwa vifungo vyote, filimbi iko shingoni, maji ya kunywa si chini ya lita 1.5.
5. Kamba moja ya akiba ya mita 3 hivi, ya kufungia kilichokatika au kuvutwa nayo.

Katika mashua za aina moja, kama ILCA, ushindani wote umesimama juu ya usawa wa vifaa. Kupiga msasa ubao wa katikati ili ukate maji vizuri zaidi, kushona upya tanga, au kufunga puli ambayo sheria za aina ya mashua hiyo haziitaji, ni kuiba ushindi kabla ya kuingia majini. Una shaka na kifaa? Kionyeshe kwa mpimaji wa klabu asubuhi. Kikigunduliwa jioni, mbio zote za siku hiyo zinaweza kufutwa kwako.

Jiandikishe kwenye daftari la kutoka. Baada ya kushusha mashua, ondoa toroli kwenye mteremko na uliweke pembeni. Siku za bamvua maji hupwa mbali, na toroli moja lililoachwa katikati linazuia wengine kumi. Uamuzi wa kushindana au kubaki nchi kavu ni wako mwenyewe. Kusi ikivuma kwa nguvu na hujiamini, bakia, na wasikubembeleze: kamati haibebi uamuzi huo kwa niaba yako.

Hatua ya 2: Elewa bendera na uheshimu maji ya wengine

Kabla ya kundi lako kuanza, kaa mbali na wanaoshindana tayari. Hata kama upepo unakupa haki ya kupishwa, aliye nje ya mbio hapaswi kumsumbua aliyemo. Pita nyuma ya boti ya kamati, si mbele yake, na utaje namba ya tanga lako kwa sauti ili iandikwe.

Ishara za kuanza ziko nne:

Dakika 5 kabla: bendera ya kundi lako inapanda, honi 1.
Dakika 4 kabla: bendera ya maandalizi inapanda, honi 1. Mara nyingi ni bendera P, ya buluu yenye mraba mweupe katikati.
Dakika 1 kabla: bendera ya maandalizi inashuka, honi 1 ndefu.
Kuanza: bendera ya kundi inashuka, honi 1.

Saa inafuata bendera, haifuati honi. Honi isipolia, au ikichelewa, bendera ndiyo sheria. Wageni wengi huanza vibaya kwa kusubiri sauti huku macho yao yako kwenye tanga.

Zifahamu pia bendera ya kuahirisha (mistari ya wima myekundu na myeupe, honi 2), ya kufuta mbio (miraba ya buluu na nyeupe, honi 3), na bendera Y ya mistari ya mshazari ya njano na nyekundu, inayomaanisha jaketi okozi ni lazima. Klabu nyingi hulilazimisha muda wote, bendera iwepo isiwepo, na hilo ni sawa kabisa.

Hatua ya 3: Anza bila kumuumiza mtu

Mgongano unaojirudia kuliko yote hutokea penye boti ya kamati. Mashua iliyo joshini inachelewa, inaona upenyo mdogo kati ya boti ya kamati na mashua iliyo demani yake, inajipenyeza huku nahodha akipiga kelele: "Nafasi! Nafasi!" Hana nafasi. Kwenye boya au boti ya kuanzia iliyozungukwa na maji yanayopitika, wanaokaribia kuanza hawadaiani nafasi ya ndani. Aliye demani anaweza kupanda taratibu kuelekea upepo na kuufunga mlango, mradi ampe mwenzake muda na maji ya kutosha kujitoa. Anayejikuta joshini bila njia alegeze tanga mapema, asubiri, aingie nyuma.

Ukivuka mstari kabla ya ishara, bendera X itapanda (nyeupe yenye msalaba wa buluu) na honi 1 italia. Rudi. Lete mashua nzima upande wa nyuma wa mstari, kisha uanze upya, na wakati wote unaporudi wapishe wote walioanza vizuri. Hapa ndipo uaminifu unapopimwa kwanza: unajua ulikuwa mbele, lakini huna hakika kama kamati imeiona namba yako. Anayejua alitangulia anarudi, awe ameitwa au hakuitwa. Hasara ya kurudi sekunde hiyohiyo ni ndogo. Ukiendelea hadi mwisho ndipo ukafutwa, umepoteza mbio nzima.

Hatua ya 4: Nani ampishe nani

Sheria kuu ni nne, na zitoshe kichwani kabla hujaingia majini.

Mashua mbili zinakutana, upepo ukiingia kwa pande tofauti: yenye upepo wa kushoto impishe yenye upepo wa kulia. Aliye na haki huita "Stabodi!", yaani upepo wangu ni wa kulia. Wito huo haulazimishwi na sheria, lakini uite ukiwa bado na urefu wa mashua 4 au 5 kati yenu. Wito wa mita ya mwisho haumsaidii mtu, unamshtua tu.

Upepo unaingia upande mmoja na mashua zimelingana ubavu: ya joshi impishe ya demani.

Hazijalingana: ya nyuma impishe ya mbele.

Anayebisha (anayegeuza mashua kupitia joshi), tangu omo, yaani pua ya mashua, ipite katikati ya upepo hadi akae kwenye mwendo wake mpya: ampishe kila mtu. Ndiyo maana huwezi kugeuza mbele ya pua ya mwenzako, kisha ukadai "stabodi" kabla hujamaliza kugeuka.

Juu ya hizo nne kuna mipaka ya mwenye haki, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika. Mwenye haki akibadilisha mwelekeo lazima amwachie mwenzake nafasi ya kupisha. Ikiwa yule wa upepo wa kushoto ameshashuka ili apite nyuma yako, usigeuze ghafla ukamfuata. Ukimfikia mtu kwa nyuma ukaingia demani yake ndani ya urefu wa mashua 2, una haki ya kupishwa, lakini huruhusiwi kumsukuma kuelekea upepo kupita njia ambayo ungeishika kama yeye asingekuwepo. Na haki haikuruhusu kugonga. Ukishaona wazi kwamba mwenzako hapishi, ni wajibu wako pia kuepuka, kisha upinge. Fibaglasi iliyopasuka haijali nani alikuwa na stabodi.

Penye boya, eneo la kuhesabiwa ni urefu wa mashua 3. Kwa Optimist ni kama mita 7, kwa ILCA karibu mita 13. Wa kwanza anapoligusa eneo hilo, hali inafungwa: kama mlikuwa mmelingana, wa ndani apewe nafasi ya kuzunguka, kama hamkulingana, aliye mbele ana nafasi hata mwenzake akijipenyeza baadaye. Hii haihusu mashua mbili zinazobisha kwenda joshini zenye upepo wa pande tofauti; hapo sheria ya kulia na kushoto inaendelea.

Ubishi wa eneo hili ni mwingi kwa sababu mita 13 majini huonekana 8 kwa mmoja na 20 kwa mwingine. Dawa yake ni kusema mapema. Mkikaribia, ita kwa namba au jina: "Kaka, tumelingana, nina nafasi!" au "Hapana, niko mbele!" Kukiwa na shaka ya kweli kama mmoja aliwahi kulingana kabla ya eneo, sheria inachukulia kwamba hakuwahi. Anayejiingiza dakika ya mwisho ndiye anayebeba mzigo wa shaka hiyo.

Wanaojua sheria wana wajibu wa ziada kwa watoto na wageni. Kumtisha mtoto wa Optimist kwa wito wa uongo, "Stabodi!" ilhali upepo wako ni wa kushoto, ni kuvunja kanuni ya ushindani wa haki, ambayo ni sheria ya 2 ya kitabu. Adhabu ya kosa hilo ni kufutwa, na alama za kufutwa huko zinaweza zisiondolewe kwenye hesabu ya mwisho kama mbio mbaya ya kawaida.

Hatua ya 5: Usipige maji kwa mwili

Mashua iendeshwe na upepo na maji. Sheria ya 42 inakataza kulipepea tanga kwa kuvuta na kuachia kamba ya tanga mfululizo, kuyumbisha mashua kushoto na kulia, kujirusha mbele na kusimama ghafla, na kupiga usukani kama mkia wa samaki. Kishawishi huja zaidi tangambili, kusi imelala na kaskazi haijashika, bahari imetulia na kila mtu amekwama.

Kinachoruhusiwa: kulaza mashua kidogo ili isaidie kugeuka, na kubisha kwa kuiviringisha, mradi ikimaliza kugeuka isitoke na kasi kubwa kuliko ambayo ingekuwa nayo kama isingegeuka kabisa. Wimbi au kishindo cha upepo kikiwezesha mashua kuteleza, unaweza kuvuta tanga mara 1 kwa kila wimbi au kishindo. Mara ya pili kwenye wimbi lilelile ni kosa.

Hatua ya 6: Ukikosea, zunguka

Ukimkosea mtu, adhabu ya kawaida ni mizunguko 2. Ukigusa boya, ni mzunguko 1. Maelekezo ya klabu yanaweza kupunguza ya kwanza iwe mzunguko 1, ndiyo maana ukasoma ubao asubuhi. Fanya hivi:

1. Jitoe mara moja mpaka uwe mbali na wengine. Usisubiri "mahali pazuri" baada ya boya linalofuata; adhabu iliyocheleweshwa haihesabiki.
2. Kama ulikuwa unabisha kwenda joshini, shuka kwanza: legeza kamba ya tanga, inua uzito, geuza kwa tezi (nyuma ya mashua ipite kwenye upepo), inamisha kichwa boriti ya tanga ipite.
3. Endelea kugeuka upande uleule hadi omo ipite kwenye upepo. Huo ni mmoja.
4. Rudia bila kusimama na bila kubadilisha upande.

Kila mzunguko lazima uwe na kubisha kumoja na kugeuza kwa tezi kumoja. Wakati wote huo wapishe wengine. Ukifanyia adhabu karibu na mstari wa kumalizia, rudi kwanza mashua nzima upande wa mbio, ndipo umalize.

Mizunguko haitoshi ikiwa umesababisha jeraha au uharibifu mkubwa, au kosa lenyewe limekupa faida kubwa hata baada ya kuzunguka. Hapo unatoka mbioni.

Zoeza mizunguko hii siku isiyo na mbio. Wengi hukataa kujiadhibu kwa sababu hawajui kuzunguka haraka na wanaogopa kupinduka mbele ya watu. Akiizoea, nahodha hubishana kidogo.

Hatua ya 7: Pinga, na upinge ipasavyo

Katika klabu zetu watu huona haya kupinga. "Ni mambo madogo, tuyaache," kisha manung'uniko yanahamia jikoni na yanakaa miezi. Klabu isiyo na pingamizi hata moja mwaka mzima huenda imewaachia wakali wapite. Pingamizi ni swali: hapa sheria inasemaje? Mkubwa au mdogo, mwanzilishi wa klabu au aliyejiunga juzi, wote wanaulizwa kwa adabu ileile.

Ita mara tu inapowezekana. Kitabu kinataka neno "Protest", lakini pia kinaruhusu wito wa lugha nyingine mradi iwe busara kutarajia kwamba mashua zote zinazohusika zitauelewa. Wito wa Kiingereza unakubalika siku zote. Klabu inaweza basi kukubaliana kwamba "Napinga!" inatosha kati ya wanachama wake, na ikumbuke kwamba mgeni asiyejua Kiswahili hafungwi nao. Mashua ya urefu wa mita 6 au zaidi ipandishe pia bendera nyekundu. Ndogo haihitaji.

Taja namba ya tanga baada ya wito, kisha nyamaza uendelee na mbio. Mpe mwenzako nafasi ya kuzunguka. Akizunguka, jambo limeisha; hakuna kulisema tena kwenye chai.

Asipozunguka, ukifika nchi kavu andika: mashua zipi, mbio ya ngapi, mahali gani, nini kilitokea. Muda wa kawaida ni saa 2 baada ya mashua ya mwisho kumaliza. Chora picha papo hapo kabla kumbukumbu haijapindika: mshale wa upepo, boya, nafasi za mashua kwa hatua 1, 2, 3, 4.

Mbele ya jopo linalosikiliza pingamizi, wahusika wote wawili wawe chumbani muda wote wa ushahidi, na kila mmoja aruhusiwe kumuuliza mwenzake na mashahidi. Vibiriti viwili kama mashua na kikombe kama boya juu ya meza huonyesha zaidi ya maneno mia. Eleza umbali kwa urefu wa mashua, kwa sababu kila mtu ana mita zake. Ndugu, mpenzi au kocha wa mhusika asikae kwenye jopo. Na ukigundua katikati ya maelezo ya mwenzako kwamba wewe ndiye uliyekosea, sema. Kupoteza mbio moja ni sehemu ya mchezo, lakini kusema uongo mbele ya jopo kunaweza kukuingiza kwenye sheria ya 69 ya utovu wa nidhamu, ambayo adhabu yake haiishii kwenye alama. Matusi na vitisho, majini au nchi kavu, vinaangukia hapohapo.

Hatua ya 8: Wavuvi hawashindani

Ngalawa yenye nyavu majini haijui bendera yako ya kundi wala haipaswi kuijua. Kwa vyombo visivyo mbioni zinafuatwa kanuni za kimataifa za kuepuka kugongana baharini, na chombo cha tanga kinakipisha kinachovua. Usimpigie mvuvi kelele ya "stabodi". Yuko kazini, wewe uko kwenye mapumziko ya wikendi.

Ukiona mstari wa maboya madogo au madumu yanayoelea, chukulia kwamba kuna jarife (wavu wa kuvulia) kati yake. Ukinasa: achia kamba ya tanga yote, inua ubao wa katikati, inua usukani, acha mashua isukumwe nyuma. Usikate wavu. Ikibidi kuukata kuokoa mtu, mtafute mwenyewe siku hiyohiyo na ulipe.

Mtu akiwa hatarini, awe mshindani au mvuvi, unaacha mbio na kumsaidia. Hiyo ni sheria ya 1, na haina masharti ya nafasi uliyokuwa nayo. Angalia saa, kumbuka namba za mashua zilizokuwa mbele na nyuma yako, kisha uombe jopo la pingamizi marekebisho ya alama. Kwa hesabu ya kawaida wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo hushinda, hivyo nafasi ulizopoteza kwa kuokoa zinaweza kufidiwa kwa haki. Kwa aliyepinduka tu na anainua mashua yake mwenyewe, inatosha kumkwepa na kumuuliza: "Uko salama?"

Hatua ya 9: Rudi na utie saini

Kila mwanachama akae zamu kwenye boti ya kamati angalau mara 1 katika msimu. Hakuna kinachofundisha kuanza vizuri kama kukaa usawa wa mstari ukiona jinsi nani anavyotangulia kwa nusu mita.

Ukitua, vuta mashua hadi juu ya alama ya maji kujaa, saidia ya nyuma yako, fungua kizibo, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Kisha nenda kwenye daftari ulilojiandikisha asubuhi na utie saini ya kurudi, hata kama uliacha mbio mapema na hutaki kuonana na mtu. Jina lisilo na saini ni mtu aliyepotea, na boti ya uokoaji itaendelea kumtafuta hadi giza liingie.